Gari Lililokaa Eda

Mwezi uliopita friji yangu iliunguza waya. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, mara ikanijia harufu ya mpira unaoungua polepole, ile harufu kali inayokwama kooni na kukataa kushuka. Mjukuu wangu alikimbilia swichi huku akinipigia kelele nitoke. Sikutoka. Nilibaki na ungo mapajani, na kwa muda nilikuwa tena mtoto wa miaka tisa, nimekaa mbele kwenye gari la mbao, miguu haifiki chini, na mbele yangu kuna barabara ya kutoka Bububu kwenda mjini.

Wenzangu wa rika langu mtayakumbuka magari yale. Kichwa kilikuja na meli kutoka ng'ambo, lakini mwili ulichongwa na maseremala wetu hapa hapa: nguzo za mbao, mabenchi, pembeni wazi, na mapazia ya turubai ya kushusha mvua ikinyesha. Juu ya paa kulikuwa na matenga ya machungwa na mikungu ya ndizi, na chini ya mabenchi kuku waliofungwa miguu, wakilalamika njia nzima. Ukipanda asubuhi kutoka upande wa Kizimbani ulikaa katikati ya harufu ya karafuu, jasho, mafuta ya nazi na petroli, na ukishuka Darajani nguo zako zilinukia hivyo hivyo mpaka jioni.

Gari la kwetu lilikuwa la Ami Masoud, mume wa shangazi yangu Bi Rukia. Baba, mdogo wake Shangazi, alikuwa utingo wake. Ami Masoud aliendesha, Baba alipandisha watu na mizigo na kugonga ubavu wa gari mara mbili kumwambia aondoke. Ami hakuwa na mtoto, na nadhani mapenzi ambayo angempa mtoto alilipa gari. Sehemu ya dereva aliipamba kama chumba cha bibi harusi. Alitundika shada za shanga, akachomeka maua ya karatasi pembeni mwa kioo, na kwenye dashibodi, karibu na usukani, alitoboa tundu akaweka taa ndogo ya kioo chekundu. Aliiunganisha mwenyewe. Injini ikiwaka nayo iliwaka, na sisi watoto tulisukumana kwenda kuichungulia.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda msikitini, alilifungua gari uani kwao na Shangazi alikaa kwenye kigoda kando yake, akimpa spana na kumsikiliza. Ami alikuwa mtu wa kusema huku akifanya kazi. "Hapa moto unatoka kwenye betri, Rukia. Unapita hapa. Ukifika hapa ndio unapiga plagi." Shangazi alichambua mboga na kuitikia. Hakuna aliyefikiri kwamba anajifunza. Nadhani hata yeye mwenyewe hakufikiri.

Kisha Ami aliugua homa. Siku ya tatu alikufa.

Mimi nilipelekwa kwa Shangazi kukaa naye, kwani mjane haachwi peke yake ndani ya nyumba. Siku ya khitma niliwaona wanawake watu wazima wakimzunguka. Walimvua bangili moja moja, wakamvua vipuli na kipini, wakamfuta wanja, wakamvisha nguo nyeupe isiyo na ua. Nilimvuta Mama kanga.

"Mbona wanamvua?"

"Yumo edani," Mama alinong'ona. "Mwenye kufiwa na mumewe hajipambi wala hatoki."

"Mpaka lini?"

"Miezi minne na siku kumi. Nyamaza sasa, watu wanasoma."

Nilitoka uani. Gari lilikuwa limesimama pale pale alipoliacha Ami, vumbi limeanza kulikaa. Baba alikuwa amesimama langoni na mtu mmoja, analitazama, akatikisa kichwa. "Masikini," alisema. "Na hili nalo limefiwa."

Mtoto husikia neno moja akajenga nyumba juu yake. Nililitazama gari, nikaziona zile shanga na maua, na nikaona wazi kwamba watu wazima wamesahau jambo. Walipoondoka langoni nilipanda kwenye kiti cha dereva. Nilizitoa shanga kwa adabu, kama nilivyowaona wale wanawake wakifanya. Nilitoa maua. Taa nyekundu ilikataa. Niliishika kwa mikono miwili, nikaweka mguu kwenye dashibodi, nikavuta mpaka ikachomoka na kipande cha waya nyuma yake kama mkia wa panya. Vyote nilivitia kwenye bati la biskuti, nikalificha stoo nyuma ya gunia la mkaa. Eda ikiisha nitavirudisha. Nilinawa mikono, nikaingia ndani kukaa karibu na Shangazi, nimeridhika kabisa na nafsi yangu.

Baada ya wiki Baba alishika usukani, na gari likaanza kuzimika.

Halikuwa likizimika kama gari lililokwisha petroli, linalokohoa na kuomba. Lilikuwa linakwenda vizuri, watu wanazungumza, mara kimya. Injini imekata kama mtu aliyefungwa mdomo. Baba alishuka, akafungua boneti, akagusa hiki na kile, akaingiza hendeli mbele asiichoshe betri kwa stata, akazungusha. Gari likawaka mara ya kwanza kana kwamba halikufanya lolote. Siku nyingine lilikwenda mjini na kurudi bila kosa. Siku nyingine lilizima mara tatu kabla ya kufika Mtoni, na abiria wakashuka wakajitwika matenga yao vichwani na kuondoka kwa miguu, wengine bila hata kuaga.

Mimi sikushangaa hata kidogo. Nilijua sababu. Na abiria nao walinithibitishia, kwani niliwasikia kwa masikio yangu wakisema, "Gari hili linamlilia mwenyewe." Nilimhurumia Baba kwa kuhangaika bure na kitu ambacho kina siku zake.

Baba alilipeleka kwa fundi mjini. Fundi alibadilisha plagi. Likazima. Akasugua platini, akasafisha vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Likazima. Mara ya tatu alikaa nalo kutwa nzima, injini inanguruma uani kwake tangu asubuhi mpaka alasiri, nalo halikukata hata mara moja. "Yakhe," alimwambia Baba, "gari lako zima. Labda wewe ndiye hujui kuliendesha." Baba alilirudisha barabarani, na kabla hajaimaliza safari likamfia mikononi.

Maneno yale yalimuuma kuliko yote. Alikuwa utingo kwa miaka, na sasa watu walikuwa wakiliacha gari lake tupu na kungojea la mwenzake. Akaanza kutafuta wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu na asiyeweza kujibu alikuwa mmoja tu. Nilimsikia Darajani akiwaambia abiria, "Masoud alilijua bovu. Alilifunika funika mpaka akafa, katuachia mzigo." Akasema hivyo Mtoni, na tena Bububu. Mwisho alisema nyumbani kwa Shangazi, amesimama uani anapangusa mikono.

Shangazi alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. "Hamadi," aliita. "Usimseme maiti."

"Simsemi, Dada. Nasema gari."

"Umemsema yeye."

Baba alimaliza kupangusa mikono. Kisha akatoa alilokuja nalo. "Kuna mtu wa Malindi, mjini, analitaka, kwa ajili ya injini, aitie kwenye mashine yake ya kukamua nazi. Nimemwambia Ijumaa baada ya alasiri aje alitazame. Nimechoka, Dada. Watu wananicheka."

Gari lilikuwa limemwangukia Shangazi kwenye urithi, na bila yeye kukubali halikuwa linauzika. Nilikuwa ndani, nilimuona. Alikuwa ameishika fremu ya mlango kama mtu aliyemo chomboni kwenye mawimbi.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema.

Usiniulize alipanga nini kichwani usiku ule, kwani mimi nililala. Asubuhi aliniita. "Mwanahawa!"

"Naam, Shangazi."

"Chuo cha Kurani kimefungwa?"

"Kimefungwa."

"Basi chukua daftari lako. Utakwenda na baba yako mjini leo, na kesho, na keshokutwa. Ukae mbele. Mimi siwezi kutoka, macho yangu yatakuwa wewe. Gari likizima, kabla hujafanya lolote, uandike. Lilikuwa linapanda au linateremka? Barabara imenyooka au kuna kona, na kona ya mkono gani? Bonyeza honi uone inalia au hailii. Na chochote kingine. Hata ukiona kitu cha kipuuzi, andika."

Nilitaka kumwambia kwamba kazi yote hiyo haina haja, kwamba gari likitoka eda litapona. Lakini kupewa kazi yenye daftari, na kuambiwa mimi ni macho ya mtu, ni heshima ambayo mtoto haikatai. Nilipanda mbele.

Siku ile ya kwanza lilizima mara mbili. Baba alianza kukasirika nilipobonyeza honi, lakini nilimwambia ni amri ya Shangazi, akaniacha. Honi ililia. Niliandika. Siku ya pili mara moja. Siku ya tatu mara mbili tena, ya mwisho mbele ya watoto waliotuzomea mpaka tukapotea machoni mwao. Niliandika huku mkono unatetemeka kwa gari kuwashwa upya. Sasa naweza kusema bila kujisifu kwamba daftari lile lilikuwa kazi safi. Nimefundisha sayansi skuli kwa miaka mingi baadaye, na wanafunzi wangu wachache waliniletea kitu kilichoandikwa kwa uaminifu kama ule.

Alhamisi jioni Shangazi alinikalisha kwenye mkeka, akasoma kwa kidole.

"Kona. Kona. Kona. Zote za kushoto?"

"Zote. Moja tu si kona, lakini Baba alikwepa shimo."

"Alikwepa upande gani?"

Nikafumba macho nikalirudia. "Kushoto."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Na honi inalia. Basi betri haina kosa. Kuna nini kingine?"

"Harufu," nilisema. "Sikuiandika kwa sababu Baba kasema ni breki."

"Harufu gani?"

"Kama mpira wa baiskeli ukitiwa motoni. Kidogo tu, halafu inakwisha."

"Kabla ya kuzima au baada?"

"Pamoja."

Shangazi aliufunga mkono wangu ndani ya mkono wake. "Breki hainuki hivyo," alisema. "Huo ni waya. Kuna waya unakwenda usikotakiwa. Gari likipinda kushoto unatupwa kulia, unagusa chuma, moto wote unapotelea pale na plagi hazipati kitu. Gari likisimama, waya unarudi mahala pake. Ndio maana kwa fundi halikuzima. Lilikuwa limesimama!"

Moto. Umeme wao waliuita moto, na mimi siku zote niliamini ni moto kweli, kijiko kidogo cha kaa jekundu kinachokimbia ndani ya bomba. Nilimuuliza kwa nini hauunguzi mbao. Alinieleza pale pale mkekani, kwa maneno ya Ami Masoud, na hakuwa amezungumza kwa urefu hivyo tangu msiba.

Ijumaa, wanaume walipokwenda kusali alasiri na mtaa ukawa mtupu, Shangazi alifunga lango kwa komeo na akatoka uani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulikaribia gari tangu msiba. Kwa wiki zote zile alipita upande wa pili wa ua kwenda kisimani, uso ameugeuza. Sasa aliushika mlango, akapanda, akakaa mahali pa mumewe, na akaona pale pembeni mwa kioo hapana ua wala shanga.

Alipitisha vidole mahali palipokuwa na shanga. "Hamadi kavitoa," alisema kwa upole. "Hakuniambia. Ndugu yangu ana adabu kuliko nilivyodhani."

Nilivimba kwa fahari. Ilibaki kidogo niseme ni mimi. Lakini nilitaka aniulize kwanza, na hakuuliza.

Alinituma jikoni nilete mwiko mrefu wa wali. "Mkavu," alisema. "Mti mkavu haupitishi moto." Akabonyeza stata, injini ikawaka, ua wote ukajaa mngurumo. Akainama mpaka kichwa kikawa chini ya usukani, nguo nyeupe yote imetapakaa kwenye kiti, akaingiza ncha ya mwiko nyuma ya dashibodi na kuanza kusukuma nyaya, mmoja baada ya mwingine, upande wa kulia. Wa kwanza, injini inanguruma. Wa pili, inanguruma. Alikuwa hana haraka. Alifanya kama anavyokoroga uji wa mtoto mchanga. Wa nne, wa tano.

Kimya.

Na ndani ya kimya kile, harufu.

"Ahaa," alisema Shangazi chini kule. Alitoa mkono na waya mwembamba mwekundu ukafuatana nao, ncha yake iko wazi, shaba imekuwa nyeusi kwa kuungua. Aliugeuza geuza. "Huu si waya wa gari. Huu alitia yeye mwenyewe. Huu ulikuwa wa..."

Akanyanyua uso, akatazama dashibodi, na kwa mara ya kwanza akaliona lile tundu.

"Iko wapi taa?"

Yote yalikuja pamoja: mguu wangu juu ya dashibodi, mkia wa panya, Baba anazungusha hendeli juani, watoto wanatuzomea, abiria wanaondoka na matenga vichwani. Gari halikuwa na msiba wowote. Lilikuwa na mimi.

Nilikwenda stoo. Nilirudi na bati la biskuti, nikalifungua mbele yake. Shangazi alitazama ndani. Hakugusa kitu.

"Kwa nini, Mwanahawa?"

"Lilikuwa linakaa eda," nilisema, na hapo hapo nikaanza kulia. "Baba alisema limefiwa. Na wewe walikuvua vyako. Hakuna aliyelivua gari."

Alifunika mdomo kwa mkono. Nilifikiri atanipiga, kisha nikafikiri analia, na alikuwa analia kweli, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa namna nyingine. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, bila sauti, kwa sababu mjane hacheki majirani wakamsikia. Alinivuta akanikumbatia na ule waya bado mkononi.

Lango likagongwa. Sauti ya Baba ikaita hodi, na nyuma yake sauti ya mtu mwingine, nzito.

Shangazi alijifuta uso. "Mimi naingia ndani. Wewe utafungua, umwambie baba yako."

"Nimwambie nini?"

"Uliyoniambia mimi."

"Atanipiga, Shangazi. Na mgeni yupo. Mwambie wewe."

Alinitazama machoni. Hakuwa mkali. "Huenda akakupiga. Lakini kuna mtu yumo kaburini analaumiwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na hawezi kujitetea. Maneno yangu yatalitengeneza gari tu. Hilo la pili liko mikononi mwako."

Akaingia, pazia likaanguka nyuma yake. Nikafungua komeo.

Yule mtu wa Malindi alikuwa mnene, kofia mpya, mkongojo mkononi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla Baba hajaniambia nipishe nilisema yote. Niliyasema haraka, kwa mfululizo, kama ninavyosoma juzuu nikiogopa kusahau: eda, shanga, maua, taa, waya, kona za kushoto, mwiko. Nilimaliza kwa kusema, "Ami Masoud hakuacha gari bovu. Ni mimi."

Baba hakuunyanyua mkono. Ningalipenda aunyanyue. Alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha ya kigeni, kisha akakaa kwenye ukingo wa baraza, akavua kofia.

"Wewe ndiye uliyevitoa?"

"Naam, Baba."

"Mimi nilidhani dada. Nikaona haya kumuuliza." Aliigeuza ile kofia mapajani, mara mbili, mara tatu. "Astaghfirullahi. Nimemsema Masoud kila kituo."

Mgeni alikohoa. Alikuwa na haki ya kukasirika, kaja na safari yake, lakini alikuwa mtu muungwana. "Basi," alisema, "na hilo gari sasa linakwenda, au nalo linangoja miezi yake?"

Kutoka nyuma ya pazia sauti ya Shangazi ilijibu, tulivu, kama ya mtu anayesoma barua. "Hamadi, fungua sanduku la vyombo vyake, chini kuna utepe mweusi. Uukate ule waya mwekundu uwe mfupi, uufunge ncha mara nne, uukaze kwenye waya mkubwa usicheze. Kisha mchukue mgeni mkajaribu."

Baba alifanya kama alivyoambiwa, neno kwa neno. Tulipanda watatu mbele, mimi katikati. Ile kona mbaya ya kushoto kabla ya Mtoni ilipokaribia nilishika benchi kwa vidole vyote. Baba alikuwa na mazoea ya kupunguza mwendo pale. Safari hii hakupunguza. Akaukata usukani, gari likainama, mimi nikamwangukia yule mgeni mnene ubavuni, na injini ikaendelea kunguruma. Tukapinda kona nyingine, na nyingine. Baba alianza kucheka peke yake. Tuligeuza, tukazipita zote tena, na tuliporudi Bububu alipiga honi kuanzia mbali.

"Nalitaka zaidi kuliko nilipokuja," alisema mgeni langoni. "Safari hii kwa barabara, si kwa nazi."

"Haliuzwi," lilijibu pazia. "Mwanahawa, mletee mgeni kahawa."

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa limejaa nusu. Tulipofika Mtoni Baba alisimamisha gari kwa hiari yake. Abiria waliguna, wakaanza kutafuta matenga yao. Baba akaruka chini, injini inawaka, akasimama mahali ambapo kila mtu anamuona.

"Jamani, sikilizeni. Mimi nilisema hapa kwamba Masoud katuachia gari bovu. Nilisema uongo bila kujua. Kosa lilikuwa la nyumbani kwetu, yeye hahusiki. Nawaombeni mnisamehe, na mumwombee."

Hakunitaja. Mzee mmoja nyuma akasema "Allahumma amin," na wengine wakaitikia. Baba alipopanda, mwanamke mmoja aliyekaa benchi la pili, mkaazi wa Kizimbani, aliuliza, "Na nani kakuonesheni hilo kosa? Fundi gani?"

"Dada yangu," alisema Baba. "Yumo edani. Kalitafuta kwa mwiko wa wali."

Gari zima lilicheka, lakini yule mwanamke hakucheka. Alikuwa anawaza.

Siku mbili baadaye alikuja nyumbani, baibui limejaa vumbi, amepakata kitu kilichofungwa kwenye kanga kama mtoto mchanga. Alimpa Shangazi mkono wa pole, akakaa, akakifungua mkekani. Ilikuwa redio ya betri, kubwa, ya mbao. Mumewe alikuwa amesafiri, alisema, na mafundi ni wanaume, hawezi kuwaingiza ndani wala kwenda kukaa vibarazani mwao. Tangu mwezi uliopita redio haisemi, na jioni ni ndefu.

"Sijawahi kufungua redio maishani mwangu," alisema Shangazi.

"Na gari ulikuwa umewahi kufungua?"

Shangazi alitabasamu. Aliisogeza ile redio karibu na mwanga wa dirisha, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akasikiliza nyuma yake kana kwamba kuna mtu ndani atakayemwita. Kisha akavuta sanduku la Ami Masoud, akachagua bisibisi ndogo kuliko zote, na badala ya kuitumia akaninyooshea mimi.

"Fungua wewe," alisema. "Na kila unachokitoa, ukiweke kwa mpango, ujue kilitoka wapi."

Nilipiga magoti mkekani. Skrubu ya kwanza ilikataa. Ya pili ikakubali.